50mm f/1.8 au nibaki na 18-55 iliyokuja na kamera?

Kipanga77: Wakuu habari zenu, nina Canon ya crop (yenye sensa ndogo) na lenzi yake ya 18-55 f/3.5-5.6, nje mchana inapiga safi kabisa ila nikiingia ukumbini kwenye sendoff nikivuta zumu hadi 55 picha zinajaa chenga (punje punje). Ninunue 50mm f/1.8 au nianze na flashi? Na hii apecha namba ikipungua ndo inafunguka au inafunga?

FundiLenzi: Namba ndogo tundu kubwa mkuu. Chukua 50 ugawe kwa 1.8, unapata tundu la karibu milimita 28, ukiweka f/5.6 linabaki kama milimita 9 tu. Sasa hiyo 18-55 ukiivuta mpaka mwisho haifunguki zaidi ya 5.6, wakati 50mm kwenye 1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi yake, yaani pale ulipokuwa unapiga ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 6400 unashuka hadi 640 na kasi ya shata hujaigusa. Chukua 50 bila kuwaza.

MamaPicha_Tanga: Hapo kwenye bila kuwaza mi nakataa. 50 kwenye crop inabana, inakuwa kama 80mm, ukumbi mdogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na meza ya wazazi bado haijaenea. Afu kwenye 1.8 ukisimama mita mbili panapokuwa shapu ni kama sentimita 10 tu, bibi harusi macho yametoka vizuri, matroni nyuma yake hana sura. Familia ikipangwa mistari miwili funga mpaka 5.6 au hata 8 na hapo flashi haikwepeki. Nunua 50 lakini 18-55 usiiuze mwanangu.

Kipanga77: Asante sana mama. Kwa hiyo nikiweka Av (mimi nachagua apecha, kamera inachagua shata) niache 1.8 muda wote au?

FundiLenzi: Hapana, hapo mama kasema kweli. Mtu mmoja anzia 2.2 au 2.8, macho yanatulia na nyuma bado panayeyuka, 1.8 iweke kwa ule muda taa zimepunguzwa wanaingia. ISO weka auto, ila watu wakianza kucheza chungulia shata isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, ikishuka panda ISO, chenga kidogo zinasafishika ila picha iliyotikisika hairekebishiki.

Jicho_la_Pwani: Naongezea kwa wanaopiga mandhari, msikimbilie f/22 mkidhani ndo kila kitu kitakuwa shapu, tundu likiwa dogo sana mwanga unatawanyika ukipita na picha nzima inalegea. Mi jua likizama pale Forodhani nakaa f/8 mpaka 11 kamera ikiwa kwenye stendi yake ya miguu mitatu, na hapo hata hiyo 18-55 inatosha kabisa.