Kutoboa vibao vya alumina bila kumeguka upande wa chini

Fundi wa Kirumba
Ndugu zangu mafundi, salaam. Karakana yangu ndogo hapa Mwanza imeletewa kazi ya kutoboa vibao vya alumina (kauri ngumu ya oksidi ya alumini) vyenye unene wa milimita 6, vitakavyoshikilia nyaya za joto ndani ya tanuri la umeme la mfinyanzi. Kila kibao kinahitaji matundu 4 ya kipenyo cha milimita 10. Keekee ya kawaida ya chuma haiachi hata mkwaruzo, na keekee ya zege yenye ncha ya kabaidi (mchanganyiko mgumu sana wa metali na kaboni) imepasua kibao cha majaribio kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Naomba kujua ni kifaa gani kinachofaa kwa mashine ya kutobolea ya mezani, na jinsi ya kuzuia upande wa chini usimeguke. Je, bomba la kauri hiyo linaweza kukerezwa kwenye lezi (mashine ya kukerezea)?

Mkereza Vyuma
Ndugu fundi, alumina iliyokwisha kuchomwa haikatwi, bali husagwa. Chuma hunyumbuka mbele ya kisu kabla ya kuachia, ilhali kauri haina uwezo huo, kwa hiyo nguvu ikizidi hugeuka kuwa ufa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoishia 10, alumina iko kwenye 9, karibu sawa na kabaidi yenyewe, na almasi iko kwenye 10. Keekee ya zege imeundwa kuvunja kwa kugonga, na ndiyo maana kibao kilipasuka.

Tafuta keekee ya almasi yenye umbo la bomba, kama zile za mafundi wa vigae na vioo, ambayo husaga mduara tu na kuacha kiini katikati. Kwa kipenyo hicho, anza na mizunguko 1,000 hivi kwa dakika. Zungushia mahali pa tundu ukuta mdogo wa udongo, ujaze maji, kisha uwe unainua keekee kila baada ya sekunde chache ili maji yaingie ndani ya bomba na uji mweupe utoke.

Kuhusu lezi, inawezekana iwapo utafunga mota ndogo yenye jiwe la almasi mahali pa kisu, huku bomba likizunguka polepole. Funika reli za mashine vizuri, kwa sababu alumina ndiyo hiyo hiyo inayotengenezewa msasa na mawe ya kunolea.

Mwalimu wa Karakana
Napenda kuongeza juu ya upande wa chini, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kauri hustahimili sana kubanwa lakini ni dhaifu inapovutwa. Keekee inapokaribia kutokeza, sakafu nyembamba iliyobaki hupinda kidogo kwa msukumo wa mkono wako, uso wake wa chini huvutwa, na kipande huchomoka kabla ya kusagwa. Dawa yake ni kukipa kibao mgongo: kipashe moto taratibu, kibandike kwa nta juu ya kipande cha kioo kisichohitajika, kiache kipoe chenyewe, kisha utoboe hadi uingie milimita moja hivi ndani ya kioo. Kwa njia hiyo kumeguka kutatokea kwenye kioo. Pasha tena taratibu ili kubandua. Usikibane kibao kwa boliti juu ya meza isiyonyooka, kwa kuwa utakuwa umeanza kukipinda kabla ya kazi.

Keekee ikianza kupiga kelele kali na maji yakabaki meupe kidogo tu, usiongeze nguvu. Kama almasi yake imechanganywa ndani ya shaba, itoboze mara chache kwenye jiwe laini la kunolea ili chembe mpya zijitokeze. Iliyopakwa tabaka moja tu, ikiisha imeisha.

Fundi Redio
Kwa nini asitumie Macor? Hiyo ni kauri ya kioo yenye maika, na hutobolewa na kukerezwa kwa visu vya kawaida.

Mwalimu wa Karakana
Macor ni nzuri kwa vifaa vya maabara, lakini kikomo chake cha matumizi ya kudumu ni nyuzi 800 za Selsiasi, na tanuri la mfinyanzi huvuka hapo mara kwa mara. Swali ninaloliona la maana zaidi ni kama matundu yenyewe ni ya lazima. Ikiwa waya unaweza kukaa kwenye mfuo ulio wazi ukingoni, mfuo huo hukatwa kwa diski ya almasi ya vigae na maji, kwa muda mfupi na kwa hatari ndogo zaidi.

Jambo moja zaidi, Fundi Redio: vipande vyeupe vya kauri kutoka mitambo ya zamani ya kurushia matangazo visisagwe kabisa, kwa sababu baadhi yake ni berilia (kauri ya oksidi ya berili), ambayo vumbi lake huharibu mapafu vibaya sana. Hata kwa alumina na vigae, saga kwa maji, vaa barakoa ya vumbi, na usipulize unga uliokauka kwa hewa ya kompresa.

Fundi wa Kirumba
Nawashukuru sana. Kabla ya kununua keekee nitamwuliza mfinyanzi kama mfuo utamfaa kwa safu za pembeni, kwa kuwa nyaya zake zimelala hapo tu. Safu ya juu, ambako waya unaning'inia, itabaki na matundu, nami nitaibandika kwenye kioo kama Mwalimu alivyoelekeza.