Sura chache za kitabu kimoja kwa darasa zima: niskani, nitoe kitini au nitumie linki za maktaba?

Chaki Nyeupe
Habari zenu wakuu. Muhula unaanza Jumatatu na bado sijaamua wanafunzi wangu watasomaje. Kuna kitabu kimoja ndicho kinachofaa kozi nzima, wanafunzi hawawezi kukinunua na maktaba ina nakala 2 tu. Naona njia tatu: niskani sura ninazozitaka niziweke kwenye mfumo wa kozi, au nipeleke steshenari watoe kitini kila mtu ajinunulie, au nitegemee linki za maktaba nichanganye na vitabu huria. Sitaki kumwibia mwandishi, na sitaki mwanafunzi akose kusoma kisa hela. Mliopitia hili nisaidieni.

Mkutubi wa Zamu
Karibu mwalimu, ila umeuliza nusu swali. Sura ngapi kati ya ngapi? Wanafunzi wangapi? Kitabu kina toleo la kielektroniki? Chuo kina leseni ya kunakili au hakina? Na sheria ya nchi gani, maana hapo ndipo watu wanapopotea, mtu anasoma ya Marekani kwenye intaneti anadhani ndiyo yake.

Kwa Kifupi
Skani tu mkuu. Asilimia 10 inaruhusiwa kila mahali, mimi miaka yote nafanya hivyo.

Wakili wa Jioni
Hapana ndugu yangu, hiyo asilimia 10 ya kila mahali haipo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 10, unaziachia nchi ziruhusu kazi za watu zitumike kufundishia, kwa kiasi ambacho lengo linahitaji na bila kumdhulumu mwenye kazi, na utaje chanzo na jina la mwandishi. Namba hamna. Uingereza wao wameandika asilimia 5 ya kazi kwa miezi 12, tena kama kuna leseni inayopatikana hiyo ruhusa haikusaidii. Marekani kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki kinatazama mambo manne: unatumia kwa shughuli gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na soko la mwenye kazi linaumia vipi. Hata kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Georgia State, kilichoshtakiwa na wachapishaji kwa dondoo za vitabu walizopewa wanafunzi, jaji wa kwanza alipima kwa asilimia 10 au sura moja, 2014 mahakama ya rufaa ikakikataa kipimo hicho, ikataka kila dondoo lipimwe peke yake.

Kwa Kifupi
Mbona Delhi walishinda? Steshenari ilikuwa ndani ya chuo inatoa vitini, wachapishaji wa Oxford, Cambridge na Taylor & Francis wakashtaki 2012, Mahakama Kuu 2016 ikaitupa kesi yao. Kwa hiyo kitini ruksa.

Wakili wa Jioni
Ruksa India, kwa sababu sheria yao ina kifungu kinachomruhusu mwalimu na mwanafunzi kunakili katika kufundisha. Kinko's, maduka ya kutoa kopi ya Marekani, ilikuwa inauza vitini vya aina hiyohiyo, 1991 ikashindwa kesi New York ikaamriwa kulipa zaidi ya dola 500,000. Usimpe mwenzako hukumu ya Delhi kabla hujajua anaishi chini ya sheria ipi.

Mzee wa Vitini
Mimi niseme kuhusu kitini maana kilinitesa. Nilichukua sura nne kutoka vitabu vinne, nikapeleka steshenari fulani. Kopi zangu zilikuwa za zamani, kurasa mbili za kitabu kwenye karatasi moja, yule kijana akazikuza ili maandishi yasomeke na kingo zikakatika. Sasa pale juu ndipo palipokuwa na jina la mwandishi na jina la sura, yakaenda yote. Halafu akaweka gamba, mbele akachapa jina la kozi na jina langu ili wanafunzi wasichanganye na kitini cha mwalimu mwingine, nia yake ilikuwa njema kabisa. Mimi sikukagua. Miaka miwili baadaye nasoma rasimu ya tasnifu, nakuta kwenye marejeo jina langu, na aya nzima imenukuliwa ambayo ni ya mama mmoja mtafiti, yeye ndiye aliyezunguka kukusanya zile takwimu. Nikaanza kufuatilia, kumbe watatu walioshahitimu wameninukuu hivyohivyo na kitini bado kinauzwa, hadi wanafunzi wa chuo kingine wananunua. Nilimwandikia yule mama kumwomba radhi. Alijibu mistari miwili, kwamba ameipokea na kwamba ile sura ilimchukua miaka sita.

Chaki, ukitoa kitini basi ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki viingie, na kila sura uandike kwa mkono wako imetoka wapi.

Kalamu Moja
Pole sana mzee. Mimi nimeandika kitabu cha kiada na sura moja darasani hainisumbui hata kidogo, nafurahi kinasomwa. Kinachoniuma ni kitabu kizima pdf kwenye grupu.

Kwa Kifupi
Mwandishi hapati kitu bwana, hela yote ya mchapishaji.

Kalamu Moja
Mirabaha yangu ni midogo ila inakuja, na mchapishaji akiona toleo la kwanza halikununuliwa la pili hachapi, makosa ya mle ndani yanabaki milele. Riwaya anaweza kununua yeyote. Kitabu cha kiada soko lake ni haohao wanafunzi.

Mkutubi wa Zamu
Turudi kwa mwalimu. Linki si kopi, ukitoa linki ya makala ambayo maktaba inailipia hujanakili chochote. Ila uliza leseni ya kitabu cha kielektroniki, nyingine zinaruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja, usiku wa kuamkia mtihani wote mnagonga mlango uliofungwa. Na zile nakala 2 omba ziwekwe kaunta, mtu anakaa nazo masaa mawili humo humo ndani.

Huria
Vitabu vya Creative Commons, yaani leseni ambayo mwandishi mwenyewe anaruhusu kazi yake itumike bure, pia vipo vizuri sana, soma tu herufi za leseni. BY taja mwandishi, NC usifanyie biashara, ND usisambaze ulichobadilisha. Na takwimu kama takwimu hazina hakimiliki, chora jedwali lako upya utaje ulikozitoa.

Chaki Nyeupe
Asanteni jamani. Nchi sitaitaja maana chuo kitajulikana. Wanafunzi 140. Muhula huu sura 3, nikijumlisha na muhula wa pili zinakuwa 7. Kitabu kina sura 11.

Wakili wa Jioni
Saba kati ya 11! Hapo mwalimu huchukui mfano wa kufundishia, unachukua kitabu. Mwandikie mchapishaji leo uombe kibali. Na leseni ya chuo bado hujajibu.

Kwa Kifupi
Mchapishaji atajibu muhula umeisha.

Mkutubi wa Zamu
Ndiyo maana aanze na sura ya wiki ya kwanza tu, ndani ya mfumo wenye namba ya siri, na muhula ukiisha aitoe.

Huria
Na mimi nidandie hapohapo: makala niliyoiandika mwenyewe jaridani naweza kuwapa wanafunzi wangu?

Wakili wa Jioni
Tazama mkataba uliosaini. Wengi wanakuachia ile rasimu iliyokubaliwa kabla hawajaipanga kurasa.

Huria
Mkataba ni wa 2011, sina hata kopi.

Kalamu Moja
Waombe jaridani, mimi walinitumia wangu siku hiyohiyo.