Mnafunga mkanda wa taimingi kwa kukisia, injini ikiharibika mnasema ilikuwa imechoka

Ndugu zangu wa Kilimanjaro na Arusha, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Hiace yangu yenye injini ya dizeli ya Toyota aina ya 3L iliingia kwenye gereji moja hapa Moshi ili ibadilishiwe sili ya mbele ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) iliyokuwa inavujisha oili. Ikatoka haina nguvu, ikarudishwa, na sasa hedi yake, yaani kichwa cha injini chenye valvu, iko mezani, valvu zimepinda, na fundi yuleyule aliyeifikisha hapo ananidai hela ya ufundi. Jina la gereji silitaji, kwa kuwa ninachokilalamikia ni utaratibu wa kazi ambao nimeuona kwa macho yangu zaidi ya mahali pamoja, Moshi na hata Arusha.

Kuna mambo ambayo kila anayejiita fundi wa injini alipaswa kuyajua kabla ya kushika spana. Katika 3L, mkanda mmoja, ndio huo wa taimingi, unazungusha kamshafti inayofungua valvu pamoja na pampu inayopeleka dizeli kwenye nozeli zinazoipulizia ndani ya silinda, na vyote viwili vinapata mwendo wake kutoka kwenye krankishafti. Krankishafti inapozunguka mara mbili, kamshafti na pampu zinazunguka mara moja. Mkanda ukishatolewa, hakuna kitu kingine kinachoviunganisha vitu hivi vitatu, kila kimoja kinaweza kwenda upande wake. Springi za valvu zinaisukuma kamshafti, pampu nayo ina ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo puli inaweza kuruka yenyewe mara tu mkanda unapolegea. Ndiyo maana Toyota waliweka alama kwenye kila puli na alama nyingine ya kulinganishia kwenye mwili wa injini. Ukizikutanisha alama zote kabla ya kutoa mkanda, pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa, hubaki na kitu chochote cha kukisia. Tena ni lazima ziangaliwe zote, kwa sababu alama ya krankishafti peke yake inakutana mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa kamshafti, na mara moja kati ya hizo mbili si yenyewe.

Fundi wangu hakuzitafuta alama hizo. Alichukua ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu, akachora mistari kwenye mkanda wa zamani na kwenye puli zikiwa zimesimama popote zilipokuwa zimesimama, kisha akahesabu meno na kuihamishia mistari ile kwenye mkanda mpya. Nilimuuliza kwa nini asiizungushe injini mpaka alama za kiwandani zikutane, akanijibu kwamba kazi hii ameifanya miaka mingi. Sasa jamani, kuitoa sili ya krankishafti kunataka kuvua puli yake, na kulegeza bolti ya puli ile peke yake kunatosha kuisogeza krankishafti. Mikono ilikuwa imejaa oili, na mistari ilikuwa imeshaanza kufutika kabla sili mpya haijaingia. Kwa haki niseme kwamba kubadilisha mkanda kulikuwa sahihi, kwa sababu mkanda ulioloa oili haufai kurudishwa hata kama haujafikisha zile kilomita 100,000 za kubadilishwa. Sina ugomvi na kununua mkanda. Nagomba na namna ulivyofungwa.

Gari liliwaka, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Asubuhi lilikuwa linasumbua kuwaka na kutoa moshi mweupe kwa muda mrefu, na nilipokwenda nalo Arusha likiwa na mzigo wa kawaida, kupanda kutoka daraja la Kikafu lilinilazimisha kushuka gia ambayo sijawahi kuitumia pale. Yeyote anayeijua dizeli angeshuku taimingi ya pampu kwanza kabisa, kwa kuwa dalili zilianza siku ileile mkanda ulipoguswa. Hebu tupige hesabu: ikiwa puli ya krankishafti ina meno 24, basi kukosea jino moja ni sawa na nyuzi 15 za mzunguko wa krankishafti. Pampu hizi husetiwa kwa sehemu ndogo za milimita, kwa saa ya kupimia inayofungwa kwenye kichwa cha pampu. Mtu anayekosea jino zima huku kipimo chenyewe kinasomwa kwa sehemu za milimita hajakaribia kupatia, na dizeli inayoingia kwa kuchelewa kiasi hicho haiwezi kuungua inavyotakiwa.

Lakini hakuna aliyetaka kufungua kava la mkanda. Kwanza wakasema ni nozeli, nikalipa. Wakasema ni chujio la dizeli, nikalipa. Wakasema dizeli niliyojaza ilikuwa chafu, kisha wakasema pampu imekufa na kwamba wanamjua mtu anayeuza iliyotumika. Kila walipotaja kifaa kipya niliwauliza swali lilelile: je, mmehakikisha alama za taimingi? Na kila mara nilijibiwa kwamba taimingi iko sawa kwa sababu gari linawaka. Hili jibu linaniudhi kuliko hasara yenyewe. Gari linaweza kuwaka pampu ikiwa imekosewa jino moja, na likaendelea kutembea huku linakula dizeli, linachemka mlimani na kumla mwenye gari kwa nozeli na pampu ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Nilipogoma kununua pampu, hatimaye walikubali kufungua. Wakalegeza mkanda bila kuzikutanisha alama kwanza, puli ya kamshafti ikaruka mbele ya macho yangu, wakairudisha kwa spana mahali walipodhani inakaa, wakakaza tenshena (kile kinachouvuta mkanda usilegee) na kumwambia kijana apige stata. Nilipaza sauti kwamba waizungushe kwa mkono kwanza. Stata ilikuwa imeshapigwa, ukasikika mgongano wa chuma, na badala ya kuacha, kijana akaambiwa apige tena.

Naomba nikae kidogo kwenye hatua hii ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha kazi na uharibifu. Ukishafunga mkanda na kuiacha springi ya tenshena iuvute, unaweka soketi kwenye bolti ya krankishafti na kuizungusha taratibu kwa mwelekeo injini inakozungukia, mizunguko miwili kamili, kisha unaangalia kama alama zote zimerudi kukutana. Zisipokutana, unafungua na kurudia. Injini ya dizeli hukupa ukinzani wa mgandamizo unaopanda na kupungua, huo ni wa kawaida, lakini ukikuta imegota kabisa unasimama papo hapo, kwa sababu hapo valvu imekutana na pistoni. Mkono unaohisi vizuri utasimama kabla ya kupinda kitu. Stata haihisi chochote. Kazi hii inachukua dakika chache, na haihitaji kifaa ambacho gereji ya chini ya mwembe haina.

Naamini najua tabia hii ilikozaliwa. Barabara zetu zimejaa magari ya petroli yenye injini kama 3S-FE, iliyomo kwenye Noah na RAV4 za zamani, ambayo ina nafasi ya kutosha kati ya valvu na pistoni kiasi kwamba hata mkanda ukikatika valvu hazigongwi. Fundi akikosea pale, gari linakataa kuwaka au linatetemeka, anafungua, anajaribu tena, na mwenye gari hajui kilichotokea. Amejifunza kwa kubahatisha kwenye injini inayomsamehe, kisha analeta mazoea yaleyale kwenye dizeli ambayo mgandamizo wake unazidi 20 kwa 1 na ambayo pistoni inapofika juu inaacha nafasi ndogo mno. Hapo hakuna jaribio la pili. Hata hivyo simlaumu mtu kwa kukosa cheti. Fundi bora niliyewahi kumtumia, marehemu sasa, hakupita chuo chochote, lakini hakuwahi kutoa mkanda kabla ya kukuita uje uone alama zimekutana, na baada ya kufunga alikuita tena.

Sasa naambiwa kwamba injini ilikuwa imechoka. Injini iliyokuwa inakwenda Arusha na kurudi kila wiki, iliyokuja na tatizo la sili tu, ilichokaje kwa ghafla ikapinda valvu sekunde ileile stata ilipopigwa? Uchovu wa injini huonekana kwenye oili inayoliwa na kwenye mgandamizo unaopungua miezi na miezi. Valvu iliyopinda ina alama ya pistoni usoni mwake, na pistoni ina alama ya valvu juu yake. Vyote viko mezani, mwenye gereji ameviona, na hakuweza kuniambia alama zile zimetoka wapi kama si kwenye taimingi.

Nimempa msimamo wangu mbele ya mashahidi. Valvu mpya, gasketi ya hedi, kazi ya kusaga viti vya valvu, kupima kama hedi imepasuka au imepinda, na kukagua pistoni ni gharama yake. Hela ya ufundi anayonidai sitatoa, na nozeli nilizouziwa bila sababu nataka nirudishiwe fedha zake. Gari halitafungwa tena na mikono ile. Mwenye kumjua fundi wa Moshi au Arusha anayemiliki saa ya kupimia pampu na anayejua kuitumia, naomba aandike hapa chini anapatikana mtaa gani. Na wenye Hiace na Hilux za 3L na 5L ambao mmepindishiwa valvu namna hii, elezeni kama gereji iliwalipa au mliishia kubeba mzigo wenyewe, kwa sababu mwenye gereji yangu anadai kwamba mimi ni wa kwanza kulalamika.