Mrejesho: Ripoti ya polisi kutoka ofisi ya sherifu, Texas

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kupata ripoti ya wizi wa gari la shemeji yangu kutoka ofisi ya sherifu wa kaunti, Texas, baada ya karani kudai kwamba haitolewi bila wakili. Nashukuru kwa ushauri wenu. Niliandika barua pepe nikitaja Sheria ya Taarifa za Umma ya jimbo hilo, tarehe na mahali pa tukio, bila kueleza sababu, kwani ofisi ikitaka kuzuia kumbukumbu ndiyo inayopaswa kuomba uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndani ya siku 10 za kazi. Taarifa za msingi tumezipata, namba za leseni zikiwa zimefunikwa kwa wino mweusi. Maelezo ya mpelelezi bado yamezuiwa kwa kuwa upelelezi unaendelea, na hilo, kusema kweli, sheria inaliruhusu. Watu wa bima wameridhika.