Naomba ushauri: jina la mpiga picha linafutika picha zikipunguzwa ukubwa

Ndugu wataalamu, habari za kazi.

Natunza picha za gazeti dogo. Wapiga picha huandika maelezo, majina yao na hakimiliki ndani ya faili, kwenye sehemu za IPTC na XMP (mifumo miwili ya kuhifadhi maelezo ndani ya faili ya picha). Kila usiku skripti huchukua JPEG mpya na kuzipunguza ukubwa kwa ImageMagick (programu ya kuhariri picha kwa amri), ikitumia -auto-orient (huizungusha picha ikae wima inavyopaswa) na -strip (hufuta maelezo yaliyomo ndani ya faili). Picha zinatoka nyepesi, ila majina yote yamefutika. Linaniuma sana hili, maana picha ikishasambaa bila jina, aliyeipiga hana pa kudai haki yake.

Nimejaribu kuondoa -strip. Majina yakabaki, lakini na GPS (mahali picha ilipopigwa) pia ikabaki, na baadhi ya picha zimepigwa nyumbani kwa watu wanaotupa habari kwa siri. Siwezi kuhatarisha watu hao. Nikarudisha -strip, kisha nikanakili taarifa kutoka faili asili kwa ExifTool (programu ya kusoma na kuandika maelezo hayo), nikitumia -TagsFromFile (nakili kutoka faili nyingine) na -all:all (sehemu zote). Hapo picha za wima zikalala ubavu, kwa sababu Orientation ya zamani (alama inayosema picha izungushwe vipi) ilirudi nayo. Nikaizuia kwa --Orientation. Zilizopigwa kwa Adobe RGB (mfumo wa rangi wa kamera) bado zimepauka rangi.

Maswali yangu: je, ni salama zaidi kunakili sehemu chache nilizozichagua, pamoja na ICC_Profile (maelezo ya mfumo wa rangi wa picha), kuliko kunakili zote halafu kufuta GPS, ambayo inaweza kuwa ndani ya EXIF (maelezo yanayoandikwa na kamera) na XMP pia? Na kwa kuwa kuiwasha ExifTool upya kwa kila picha kunachelewesha kazi, kuna aliyetumia -stay_open (huiacha ExifTool ikiendelea kufanya kazi bila kuzimwa) kwenye skripti ya namna hii?