Naomba ushauri: Saadani na watoto, twende lini?

Wakuu, habari zenu. Nataka kuipeleka familia Saadani, hifadhi ya taifa ambayo tembo na twiga wanaishi jirani kabisa na fukwe za Bahari ya Hindi. Ninachotamani zaidi ni safari ya boti Mto Wami: viboko wakichomoza pua majini, mamba wamejilaza kwenye matope ya ukingoni. Je, watoto wadogo wanaruhusiwa kupanda? Halafu kasa hutaga mayai ufukwe wa Madete. Mliobahatika kuwaona mlienda mwezi gani? Masika naikwepa, ule udongo mweusi unanasa magari vibaya. Kiangazi, gari dogo litafika kupitia Bagamoyo, au nikodi Land Cruiser? Usalama wa kuogelea nao nielezeni, tafadhali.