Nzi wa maua: DNA ipange upya ukoo mzima, au ibaki msaidizi tu?

Mleta mada:
Wadau, mnawajua wale nzi wanaoelea juu ya ua wametulia tu hewani, wana milia ya njano na nyeusi mpaka mtu anakimbia akidhani nyigu, kumbe hata mwiba hawana. Spishi zinazojulikana zimeshapita 6,000, na kwa miaka mingi zilipangwa kwenye nusufamilia tatu: Syrphinae, Eristalinae na Microdontinae. Sasa DNA imeingia na kuvuruga. Mimi naona ivuruge tu, ila kuna mahali nasita.

Chukua kundi la Pipiza. Ukimwangalia kwa lenzi, kwenye bega, kale kanundu kadogo nyuma ya kichwa, kana vinyweleo. Syrphinae bega liko tupu. Basi wazee wakasema huyu ana vinyweleo, aende kwa Eristalinae, imeisha. Lakini mabuu ya Eristalinae mengi yanakaa kwenye maji machafu au mbao zinazooza, mengine yana mrija wa kupumulia mrefu kama mkia wa panya, wakati buu la Pipiza linakula vidukari kama la Syrphinae tu! Mwaka 2015 uchambuzi wa jeni ukawatoa wakawa nusufamilia yao, Pipizinae, ndugu wa karibu wa Syrphinae. Buu lilikuwa linasema siku zote, hakuna aliyemsikiliza.

Jibu 1:
Mkuu umechagua mfano mtamu. Mbona husemi kuhusu COI, kile kipande cha DNA cha herufi 658 ambacho kila mtu anakimbilia kutambua spishi? Kinatoka kwenye mitokondria, vile vijimtambo vya nishati ndani ya seli ambavyo mtoto anarithi kwa mama, yaani unasoma upande wa mama peke yake, halafu kuna bakteria Wolbachia anaweza kusambaza mitokondria ya aina moja mpaka spishi mbili zionekane kitu kimoja. Kwenye Merodon, jenasi nyingine ya nzi hawa (jenasi ni kundi la spishi za karibu), kuna spishi zinachangia COI ile ile kabisa, ikabidi watu warudi kupima umbo la bawa. Na mimi niliye porini na wavu wangu nifanyeje, nibebe maabara mgongoni?

Jibu 2:
Hapo mnabishana jeni na macho, wakati shida ni macho yanaangalia nini. Buu la Microdon, nzi wa ile nusufamilia ya Microdontinae, linaishi kwenye viota vya sisimizi, limebonyea, halina kichwa cha maana, na mwanzoni mwa miaka ya 1800 wataalamu waliliandika kabisa kama koa 😂. Sio mzaha. Halafu Uingereza walikuwa na Microdon mutabilis mmoja, mwaka 2002 wakagundua ni wawili. Ukiwaweka nzi wazima kwenye pini huwatofautishi, ila pupa, hatua ya kati ya buu na nzi mzima, wanatofautiana, na sisimizi wenyeji wao pia sio wale wale. Huyo wa pili akaitwa M. myrmicae. Kilichoanza kuwatenganisha ni pupa na kiota, sio mashine.

Mleta mada:
Jibu 1, nakubali kuhusu COI. Anayevunja jenasi kwa jeni moja mimi simuungi mkono, na hapo ndipo ninaposita. Ila siku hizi wanasoma mamia ya jeni za kwenye kiini cha seli, na hizo sio za mama peke yake. Na zinasema kitu kigumu kumeza: Eristalinae sio ukoo kamili. Ni kama umeandika wajukuu wote wa babu mmoja halafu ukafuta wawili kwa sababu wamehama kijiji. Hao wawili ni Syrphinae na Pipizinae, wametokea humo humo ndani. Kwa hiyo ama uvunje Eristalinae vipande, ama ukubali jina lisilo na maana. Mimi nasema ivunjwe, taratibu, na kila kipande kipewe alama inayoonekana kwa lenzi, la sivyo Jibu 1 ana haki ya kulalamika.

Jibu 1:
Ukivunja, majina yatafuata sampuli halisi, yule nzi mmoja aliyebandikwa pini siku spishi inaelezwa mara ya kwanza. Wengine wana miaka zaidi ya 150, DNA yao imekatika katika, na kuisoma mara nyingi lazima ung'oe mguu. Nani atasaini karatasi ya kung'oa?

Jibu 2:
Miguu anayo sita, mkuu.